Eosinofili zimepanda na hazishuki: namna ya kukagua viungo kabla ya kovu

Picha kamili ya damu ikirudi na alama ya juu kwenye eosinofili, aina moja ya seli nyeupe za damu, macho ya wengi hukimbilia asilimia. Asilimia peke yake hupotosha. Kinachotakiwa ni idadi halisi: chukua jumla ya seli nyeupe, zidisha kwa asilimia ya eosinofili. Mtu mwenye seli nyeupe 14,000 kwa maikrolita na eosinofili asilimia 22 ana eosinofili 3,080, na hizo ni nyingi. Mwenye seli nyeupe 2,800 na asilimia 15 ana 420 tu. Tatizo lake, kama lipo, ni uchache wa seli nyeupe kwa ujumla. Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 500. Kati ya 500 na 1,500, mara nyingi ni pumu, mzio au minyoo. Zikifika 1,500 na kuganda hapo, swali hubadilika: zinaharibu nini?

Hapo ndipo inapoingia sindromu ya hipaeosinofilia, HES kwa kifupi. HES ni wingi wa eosinofili pamoja na kiungo kilichoumizwa nao. Idadi na madhara haviendi sambamba. Mgonjwa wa 2,000 anaweza kuwa na moyo uliokwisha kushambuliwa, na wa 15,000 akawa hana zaidi ya mwasho wa ngozi. Ndiyo maana viungo hukaguliwa kimoja kimoja, hata kwa mtu asiyelalamika chochote. Dozi zinazotajwa hapa ni za kumsaidia msomaji kuelewa tiba. Anayeziandika ni daktari aliyemwona mgonjwa.

Rudia kipimo, lakini usingoje ukiona hatari

Jina la HES lilianza kutumika mwaka 1968, katika andiko la Hardy na Anderson. Mwaka 1975 Chusid na wenzake waliweka sharti la miezi sita: eosinofili zikae juu ya 1,500 muda wote huo, chanzo kingine kisionekane, na kiungo kiwe kimeumia. Miezi sita ni mingi mno kwa moyo. Miongozo ya sasa inaridhika na vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja, na mingine imeshuka hadi wiki mbili. Ukisoma utafiti wa zamani, angalia umetumia sharti lipi, kwa sababu wagonjwa waliongojewa miezi sita si sawa na wa leo.

Unaporudia, chukua damu saa ileile ya mara ya kwanza. Eosinofili hushuka asubuhi na kupanda usiku, kinyume cha homoni ya kotisoli. Uliza pia kama mgonjwa amemeza au kudungwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili) siku chache zilizopita: dozi moja huzishusha ndani ya saa chache, na aliyetibiwa shambulio la pumu jana anaweza kukuletea damu inayoonekana safi kabisa. Maambukizi makali ya bakteria nayo huzishusha. Idadi iliyoshuka wakati mgonjwa ana homa kali haimaanishi kwamba amepona.

Mwambie mtaalamu wa maabara aangalie slaidi kwa hadubini, asiishie kwenye namba ya mashine. Seli changa za uboho au seli zenye umbo lisilo la kawaida hubadilisha mkondo wote. Hapo mgonjwa huenda moja kwa moja kwa bingwa wa damu.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuchanganyikiwa, au troponini (protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia) iliyopanda: mojawapo ya hayo likitokea, habari ya kurudia kipimo baada ya mwezi imekwisha. Mgonjwa analazwa siku hiyohiyo.

Sampuli za kutunza kabla ya steroidi ya kwanza

Kosa linalogharimu zaidi ni kuanza prednisoloni, steroidi ya vidonge, haraka bila kuweka damu akiba. Steroidi huficha ushahidi: eosinofili zinatoweka, seli T zisizo za kawaida zinapungua, na kipande cha ngozi kitakachokatwa wiki mbili baadaye hakionyeshi kitu. Utakuwa umetuliza dalili na kupoteza jibu. Chukua haya kwanza:

- troponini, vipimo vya ini na figo, na mkojo;
- vitamini B12 na triptazi ya damu (kimeng'enya cha seli za mzio), ambazo hupanda zaidi chanzo kikiwa kwenye uboho;
- IgE (kingamwili ya mzio) ya jumla, na kipimo cha kuchambua aina za seli T;
- kipimo cha FIP1L1-PDGFRA, jeni mbili zilizoungana, kitakachoelezwa chini;
- kingamwili za minyoo ya Strongyloides, pamoja na choo;
- kipimo cha VVU, na ANCA (kingamwili zinazoshambulia seli nyeupe za mwili wenyewe) kama kuna pumu, ugonjwa wa sainasi au ganzi ya miguu.

Mgonjwa akiwa mahututi, damu ya vipimo hivyo vyote huchotwa kwa sindano moja ndani ya dakika kumi, kisha tiba inaanza. Hakuna sababu ya kungoja majibu.

Strongyloides inastahili aya yake. Mnyoo huu hukaa mwilini miaka mingi kwa sababu hujizalisha ndani ya mtu yuleyule, na hutoa mabuu wachache, tena kwa vipindi. Kipimo kimoja cha choo kisichoonyesha kitu hakina maana kubwa. Rudia mara kadhaa, au tumia njia ya Baermann (kuwavuta mabuu watoke kwenye choo kwa maji ya uvuguvugu) au ya kuotesha kwenye agari. Mgonjwa huyu akipewa steroidi, mabuu huzaliana bila breki, hutoboa utumbo, huingia mapafuni na kwenye damu yakiburuta bakteria, na vifo ni vingi. Kwa hiyo yeyote aliyewahi kuishi mahali penye mnyoo huu hupewa ivermektini pamoja na steroidi hata kabla ya jibu: mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito kwa siku, siku mbili. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3. Tahadhari ni moja: aliyeishi Afrika ya Kati au maeneo ya Afrika Magharibi yenye Loa loa, mnyoo wa jicho, apimwe kwanza mikrofilaria (mabuu ya mnyoo huo) kwenye damu iliyochukuliwa mchana, kwa kuwa ivermektini ikikuta mikrofilaria nyingi za Loa loa inaweza kuleta madhara makubwa kwenye ubongo.

Kichocho, minyoo ya safura, filaria, Toxocara na Trichinella navyo hupandisha eosinofili. Malaria haipandishi, wala amiba. Ukimkuta mgonjwa wa malaria mwenye eosinofili 4,000, tafuta kitu cha pili.

Kisha dawa. Andika kila kilichomezwa ndani ya wiki nane zilizopita, dawa za asili na virutubisho vikiwemo. Alopurino, karbamazepini, fenitoini, dawa za salfa na nevirapini ni watuhumiwa wa kawaida. Upele, homa, uso uliovimba na ini lililovurugika wiki mbili hadi nane baada ya kuanza dawa huelekeza kwenye mmenyuko mkali wa dawa. Acha dawa hiyo kwanza, halafu ndipo ufikirie HES.

Moyo

Anza na moyo, kwa sababu ndicho kiungo kinachoua kimyakimya. Mwaka 1936 Löffler alieleza ugonjwa wa utando wa ndani wa moyo unaoandamana na eosinofili nyingi, na mpaka leo jina lake limebaki kwenye aina hiyo ya uharibifu. Eosinofili zinapoingia kwenye utando na msuli wa moyo, hupasuka na kumwaga protini zilizo ndani ya chembe zake. Protini hizo ni sumu kwa seli za moyo, na pia huifanya damu igande kirahisi.

Uharibifu hupita hatua tatu. Ya kwanza ni ya seli kufa. Mgonjwa huwa hajisikii chochote, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaweza kuwa ya kawaida, na hata ultrasaundi ya moyo pia. Kinachosema ni troponini, na baada yake MRI ya moyo yenye dawa ya gadolini, ambayo huonyesha utando wa ndani uking'aa. Hapa steroidi zinaweza kurudisha moyo katika hali yake.

Ya pili ni ya bonge la damu. Utando uliochubuka hukusanya mgando, hasa kwenye ncha ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo), ya kushoto au ya kulia au zote mbili. Vipande vikikatika huenda ubongoni, miguuni, kwenye figo. Ya tatu ni kovu: utando unakuwa mnene na mgumu, ventrikali haijai vizuri, nyuzi zinazoshika valvu hunaswa ndani ya kovu, na valvu ya mitrali na ya trikaspidi huanza kuvuja. Kovu haliondoki kwa steroidi wala kwa dawa nyingine yoyote. Hatua hizi hupandana. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na bonge jipya juu ya kovu la zamani.

Ombi la ultrasaundi lisiandikwe "kagua moyo" basi. Mwandikie mpimaji kwamba mgonjwa ana eosinofili nyingi, na umwombe mambo manne: ncha za ventrikali zote mbili ziangaliwe kwa karibu, kwa dawa ya kung'arisha ikiwa picha si safi, jani la nyuma la valvu ya mitrali liangaliwe kama limeshikamana na ukuta, namna ventrikali inavyojaa ipimwe, na aeleze kama ukuta ulio chini ya bonge unacheza. Hili la mwisho ni la thamani kubwa. Baada ya shambulio la kawaida la moyo, bonge hukaa juu ya ukuta uliokufa, usiocheza. Bonge lililokaa juu ya ncha inayocheza vizuri linapaswa kukufanya ufikirie eosinofili. Ncha iliyojazwa na bonge au kovu pia huchanganywa na ugonjwa wa kurithi wa msuli mnene wa ncha, na mgonjwa akaondoka na dawa za ugonjwa asio nao.

Bonge likionekana, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia mgando, na lazima eosinofili zishushwe wakati huohuo. Kuzuia mgando peke yake hakutoshi, kwani vipande huweza kukatika hata kwa aliye kwenye dozi sahihi. Valvu ikihitaji kubadilishwa, ya kibaiolojia hupendelewa, kwa kuwa za chuma huziba kwa mgando mara kwa mara kwa wagonjwa hawa.

Viungo vingine

Katika uchambuzi wa wagonjwa 188 uliochapishwa mwaka 2009, ngozi iliguswa kwa asilimia 69 wakati wowote wa ugonjwa, mapafu asilimia 44, utumbo asilimia 38, na moyo kwa takriban mmoja kati ya watano. Moyo ulikuwa dalili ya mwanzo kwa asilimia 5 tu. Tofauti kati ya tano na ishirini ndiyo inayohalalisha kuukagua mapema.

Ngozi huleta mwasho, ukurutu, vipele vya mzio au uvimbe wa uso na midomo. Kata kipande kutoka kwenye kidonda kipya ambacho hakijapakwa krimu ya steroidi, na mwombe mpatholojia aangalie pia alama za seli T, kwa sababu limfoma (saratani ya seli za kinga) ya ngozi hujificha humo. Vidonda vya mdomoni au sehemu za siri visivyopona ni dokezo la PDGFRA. Angalia na kucha: mistari midogo ya damu chini yake inaweza kutoka kwenye moyo wenye bonge.

Kwenye mapafu, pima uwezo wa kupumua na upige picha ya CT. Eksirei ya kawaida hukosa mengi. Majimaji ya kuosha njia ya hewa yakiwa na eosinofili zaidi ya asilimia 25, uwezekano wa nimonia ya eosinofili ni mkubwa. Pumu ya ukubwani, pamoja na sainasi sugu na ganzi ya mguu au mkono mmoja, huelekeza kwenye vaskulaitisi (uvimbe wa mishipa ya damu) ya eosinofili, EGPA. ANCA isipoonekana haiondoi ugonjwa huo, kwani wagonjwa wengi hawana.

Utumbo huwahadaa wenye kamera. Utando unaonekana mzuri, mpimaji anatoa kamera bila kukata kitu, na ripoti inasema kawaida. Eosinofili hukaa kwa mabaka, kwa hiyo vipande vikatwe vingi na kutoka sehemu mbalimbali, hata pasipo na kidonda. Zikiwa ndani ya msuli wa utumbo, vipande vya juu juu havitazikuta. Mgonjwa atakuja na dalili za kuziba. Zikiwa kwenye utando wa nje, tumbo hujaa maji, na ukiyavuta utayakuta yamejaa eosinofili.

Kwa ubongo, MRI ikionyesha viharusi vidogo vingi pande zote mbili, kwenye mipaka kati ya mishipa mikubwa, fikiria eosinofili hata kama ndani ya moyo hakuna bonge. Neva za miguu na mikono hupona taratibu, na si zote. Pima pia ukubwa wa wengu.

Jambo moja kuhusu vipande vya nyama kutoka kiungo chochote: eosinofili zilizokwisha kupasuka hazihesabiki kwa hadubini. Mwombe mpatholojia, kama maabara ina uwezo, atie rangi ya kutambua protini za chembechembe zilizomwagika. Kipande chenye seli chache na protini nyingi ni kipande kilichoharibiwa.

Chanzo ndicho huchagua dawa

Mwaka 2003 Cools na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kipande cha kromosomu ya 4 kilichodondoka, jeni FIP1L1 ikaungana na PDGFRA, na muungano huo ukawa swichi isiyozimika. Karibu wote ni wanaume. Mtego uko maabara: kipande kilichodondoka ni kidogo mno kuonekana kwenye kipimo cha kawaida cha kromosomu. Jibu la "kromosomu za kawaida" halijapima PDGFRA hata kidogo. Agiza FISH (kutia jeni rangi inayong'aa) inayotafuta upotevu wa CHIC2, jeni iliyo ndani ya kipande hicho, au PCR (kuzidisha nakala za jeni ili zionekane).

Mwenye muungano huu hupewa imatinibu, dawa inayozima swichi hiyo, na kwa kawaida miligramu 100 kwa siku hutosha. Eosinofili huweza kurudi kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Lakini pima troponini na ultrasaundi ya moyo kabla ya kidonge cha kwanza. Moyo ukiwa umeguswa, eosinofili nyingi zikifa kwa pamoja ndani ya msuli zinaweza kuuangusha kwa ghafla, kwa hiyo steroidi hutangulia au huandamana na imatinibu katika siku za mwanzo.

Aina ya seli T huwa na kundi la seli zilizopoteza CD3 lakini zina CD4 (alama za juu ya seli), nazo hutoa IL-5, protini ya ujumbe inayoita eosinofili. IgE huwa juu, ngozi ndiyo hulalamika, na imatinibu haisaidii. Wafuatilie kwa miaka, maana baadhi hugeuka limfoma.

Kwa wengine, steroidi ndiyo tiba ya kwanza: prednisoloni miligramu 30 hadi 60 kwa siku kutegemea uzito na hatari, au methiliprednisoloni gramu 1 kwa mshipa penye tishio la maisha. Katika uchambuzi uleule wa watu 188, asilimia 85 ya waliopewa steroidi peke yake walikuwa wameitikia, kikamilifu au kwa sehemu, baada ya mwezi. Asiyeitikia kabisa arudishwe kwenye swali la chanzo.

Kusoma tafiti za dawa mpya

Mepolizumabu hukamata IL-5. Katika jaribio la mwaka 2020 lenye wagonjwa 108 na wiki 32, waliopata miligramu 300 chini ya ngozi kila wiki nne walipata mlipuko wa ugonjwa kwa asilimia 28, dhidi ya 56 kwa waliopewa dawa bandia. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa HES mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Benralizumabu hufunga kipokezi cha IL-5 na kuziua eosinofili zenyewe. Jaribio la mwaka 2019 lilikuwa na watu 20 tu, na kufikia wiki ya 12 eosinofili zilipungua kwa nusu au zaidi kwa 9 kati ya 10 waliopewa dawa, dhidi ya 3 kati ya 10.

Matokeo hayo ni mazuri, ila yasome kwa jicho kali. Wenye PDGFRA hawakuingizwa, kwa hiyo usiyahamishie kwao. Kilichopimwa ni milipuko, au idadi ya eosinofili. Hakuna aliyeonyesha kwamba kovu la moyo limepungua. Angalia pia nani aliachwa nje kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya mno, kwani mara nyingi huyo ndiye aliyeketi mbele yako. Na damu iliyosafika kwa dawa hizi haithibitishi kwamba utumbo au ngozi navyo vimesafika.

Ufuatiliaji

Wakati wa kupunguza steroidi, hesabu eosinofili kabla ya kila hatua na wiki moja hadi mbili baada yake, damu ikichukuliwa kabla ya kidonge cha asubuhi. Andika dozi ambayo chini yake zinapanda. Hiyo ndiyo dozi ya mgonjwa huyo, na ikizidi takriban miligramu 10 kwa siku ni wakati wa kuongeza dawa nyingine badala ya kumwachia sukari, mifupa dhaifu na shinikizo. Maadamu eosinofili zingali juu ya 1,500, rudia troponini, ultrasaundi ya moyo na kipimo cha kupumua kila miezi 6 hadi 12, hata kwa asiye na dalili. Dalili mpya ikitokea, rudia siku hiyo. Aliye kwenye imatinibu apimwe PCR ya muungano kila baada ya miezi mitatu hadi minne mpaka itoweke, kisha mara chache zaidi. Wakiacha dawa, baadhi hurudiwa na wengine hubaki salama. PCR ndiyo hutangulia kutoa taarifa, na kwa kawaida aliyerudiwa huitikia imatinibu tena akianzishiwa mapema.